Jina Ambalo Halikusomwa Bustanini

Kwa dada yangu Mwende, uliyenibeba mgongoni ukaniangusha mara mbili,

Shikamoo. Usicheke, huku pwani usiposema shikamoo wanajua umetoka porini. Miguu yako vipi? Mvua imenyesha au bado mwahesabu mawingu? Mimi mwili mzima. Maneno ni yangu, mkono ni wa fundi cherehani, jirani yangu hapa Malindi, mtaa wa Kisumu Ndogo. Ukiona uongo, ni wake.

Nasikia shemeji alipita Malindi akarudi na habari zangu. Zote kakosea. Eti nimefukuzwa kazi, eti nimepigwa na mwanamke mbele za watu. Sikufukuzwa wala sikupigwa. Afadhali ningepigwa.

Ile bustani ya askari waliokufa Burma, ninayoilinda, ilikuwa imezungushwa seng'enge. Ndani mzinga wa kizamani na jiwe kubwa la majina. Ufunguo mmoja tu, nao wangu. Mtu akija namsimamisha nje kwanza, nakohoa, ndipo namfungulia. Wageni wakiniuliza cheo changu vitani, nasema koplo. Wewe wajua vita vile nilivimaliza ghalani mwa baba, nimejificha.

Mwaka ule wa njaa ya mahindi ya manjano alikuja mjane mmoja wa Magarini, Mama Dama. Akaniuliza, "Karisa wangu yumo?" Yeye hajui kusoma. Na mimi pia. Ningesema sijui, basi. Lakini nilikuwa na kofia ya kazi kichwani na ufunguo mkononi. Nikaweka kidole mstari wa nne. "Huyu hapa, mama."

Akaupapasa. Toka hapo kila akija sokoni hupita, akamwaga chini tembo kidogo la mnazi, akaongea na mumewe. Mimi nikajiona mtu mwema.

Kwao Wagiriama, aliyekufa huchongewa mti, wauita koma, ukasimamishwa nyumbani apate pa kukaa. Ndugu za Karisa walitaka kumchongea. Mama Dama akakataa. "Ana jiwe lake Malindi. Bawabu alinionyesha."

Sasa mwaka huu baraza likasema bustani iwe ya watu wote, mahali pa amani. Seng'enge ikang'olewa, mzinga ukachukuliwa, viti vikawekwa. Ufunguo wangu ukawa wa kukunia mgongo. Siku ya kufungua sheikh kaomba dua, padri kaomba, wazee wa Kigiriama nao. Kisha mwalimu mmoja wa kike akasoma majina ya jiwe, moja moja. Mama Dama alikaa mbele na shemeji zake, kavaa leso mpya.

Mwalimu akamaliza.

"Umeruka, mwanangu," Mama Dama akasema. "Mstari wa nne."

Mwalimu akainama. "Huyu ni Otieno, mama."

Mama Dama akanigeukia. Hakupaza sauti. "Bawabu, ulinionyesha nani?"

Nikasema macho yamezeeka. Shemeji yake akasema, "Basi miaka yote hii mtu wetu amelala nje." Nami niwezaye kusema mpaka mbuzi wasinzie, nikajikuna mgongo kwa ufunguo.

Siku ya tatu nikaenda Magarini. Nikapiga magoti, nikamwambia sijui kusoma hata jina langu. Akacheka, akasema, "Hata mimi, mzee." Akanipa uji wa moto, tukaagana vizuri. Karisa watamchongea.

Nisalimie mke wangu Kalekye, mwambie sijaoa huku, nani atanitaka. Msalimu binamu Mutua, yule mrina asali, na shemeji mwongo. Nawakumbuka wote, hata wale wanaonisema.

Ni mimi mdogo wako, Musyoka

Dada, fundi alikuwa ashakunja karatasi, nimemwambia afungue. Ule uji sikuunywa. Nilifika njia panda ya kwao, nikawaona shemeji zake wamebeba gogo la kuchonga, nikarudi. Mama Dama hajanicheka wala kunisemesha, na sasa hapiti tena bustanini. Hajui kwamba sijui kusoma. Anadhani nilimfanyia mzaha.