Karatasi Niliyoifunika kwa Kiwiko

Tanga

Mdogo wangu Mize,

Assalamu alaykum. Goti limepata nafuu, au bado unaswali umekaa? Na mihogo ya bondeni, mwaka huu nguruwe wameiacha? Mimi sasa ni mtu wa kitandani. Kifua kimeziba, na daktari ameacha kunidanganya. Nimekuandikia kwa herufi za Kiarabu ili usome mwenyewe, asikae mtu kati yetu.

Nimemwona mwanao Faki. Yu hai. Anakata mkonge katika shamba moja nje ya mji huu, na viganja vyake vimechanikachanika kwa miba. Alisikia naumwa, akaja. Alinibusu mkono, akaketi karibu na mlango. Nikamwambia arudi Pujini kwa mama yake.

"Nirudi vipi, mjomba? Mama mwenyewe kaniambia nisimkanyagie uwanja wake."

Ulimfukuza kwa sababu ya maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa uongo.

Unaikumbuka siku ya kuandikisha wapiga kura, nami ndiye niliyewekwa mezani kuwapima watu kusoma, kwani asiyejua kusoma hakuandikishwa. Siku tatu kabla yake niliitwa Tibirinzi, nyumbani kwa tajiri mmoja mwenye mashamba ya karafuu. Tulikuwa watu wanne. Tulikunywa kahawa, tukala halua, kisha mwenye nyumba akasema vijana wa Pujini hawatampigia kura mtu wake, na wengi wao wamesoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kizungu hawazijui.

"Sheria inakubali na za Kiarabu," nikasema.

"Inakubali. Lakini karatasi anaitoa nani? Meza si yako, mwalimu?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Hawakunipa chochote, Mize. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kukaribishwa nyumba ile kwa mlango wa mbele, na siku ile nilikaribishwa. Nilijiambia pia kwamba nchi haiwezi kuamuliwa na kila mtu.

Faki, naye ndiye aliyekuwa akisomesha chuo cha Pujini, alipofika mezani nilikuwa na karatasi mbili. Ya herufi za Kiarabu niliifunika kwa kiwiko. Nikampa ya Kizungu. Akaishika, akaigeuza, akaona ncha ya ile nyingine.

"Mjomba, nipe hiyo iliyo chini ya mkono wako."

"Soma iliyo mbele yako."

Akanitazama. Mtu nyuma yake akasema, "Kumbe mwalimu wetu wa chuo hujua kuimba tu, kusoma hajui," na safu nzima ikacheka. Nikaandika: hajui kusoma. Kijana aliyekuwa akiwaandikia barua nusu ya Pujini.

Jioni nikaja kwako, nikakwambia nilimpa zote mbili akazikataa kwa kiburi, akanitukana mbele za watu. Yeye alikueleza kweli, hukumwamini, kwa kuwa mimi ndiye kaka yako mkubwa. Wazazi wakawatoa watoto chuoni mwake mmoja mmoja, hata akabaki na mikeka mitupu. Ndipo akavuka bahari.

Darasani nilikuwa nikifundisha kwamba kuna utawala wa wengi na utawala wa wachache, na alama ya ule wa wengi ni sanduku la kura. Siku ya kupiga kura sanduku lilikuwepo, lina kufuli na askari wa kulilinda. Kura zilihesabiwa sawasawa, haikuibwa hata moja. Hapakuwa na haja. Watu wanne walikuwa wamekwisha kunywa kahawa.

Sasa nakuomba. Usiifiche barua hii, wala usiwape wazee wawili watatu wakaizungumza chumbani na kuamua kuninyamazia kwa heshima ya mvi zangu. Isomwe Ijumaa mbele ya wote, wanawake nao, na wale vijana wengine niliowanyima kura kwa hila ile ile. Waseme wao kama wananisamehe, na sauti yako iwe moja kama ya kila mtu. Wakikataa, wana haki yao, na nitakwenda na kosa langu kaburini hivyo hivyo.

Lakini la Faki usiwangoje wao. Nilimwambia nakuandikia. Akachomoa mwiba kiganjani, kisha akasema, "Mama akiniita mwenyewe, n'takwenda."

Msalimie mjane wa ndugu yetu, na imamu, na shemeji wa Kisiwa Panza. Msalimie pia jirani yako Makame. Ndiye aliyesema lile neno la kuimba, naye hakujua kilichokuwa chini ya mkono wangu, basi asilaumiwe.

Mimi usinijibu. Sidhani barua itanikuta. Mwandikie mwanao.

Kaka yako niliyekudhulumu,
Khamis