Mama, Kelele Ile Ilikuwa Yetu

Kilimani, nyuma ya pori la Itigi
Jumapili, mwezi wa Tisa, 1958
Mavuno mawili tangu niondoke Misigiri

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama aliyelala kaburini huamkiwa, lakini sijawahi kusema nawe bila shikamoo, na leo sitaanza.

Wewe hukujua kusoma. Barua zangu zote alikusomea dada Raheli, na kwa ajili ya masikio yake niliandika mambo ya salama tu: nakula vizuri, kazi si nzito, mgongo hauumi. Hii hatasomewa mtu, kwa hiyo nasema kweli. Kazi ni nzito. Mgongo unauma. Na uliponiita sikukusikia, Mama, kwa sababu ya kelele niliyoiwasha kwa mikono yangu mwenyewe.

Ngoja nikueleze taratibu, maana hukupata kujua nafanya nini huku.

Serikali inajenga njia ya simu isiyo na waya. Juu ya kilima tunasimamisha mnara wa chuma, na sauti za watu zinaruka kutoka kilima hiki mpaka kilima kile, nacho kinazipokea na kuzirusha mbele. Sisi vibarua tulibeba vyuma mabegani kutoka reli, tukikata njia katika vichaka ambavyo hata mbwa hupita ubavu. Vilima lazima vionane, lakini kuonana peke yake hakutoshi. Bwana injinia alitandaza karatasi yake juu ya sanduku akatuonyesha vilima vyote, na mishale ya penseli nyekundu na ya buluu. Kilima kinachosema kwa wimbi jekundu husikia kwa wimbi la buluu, na jirani yake kinyume chake. Jirani wawili wakisema kwa wimbi moja, hakuna anayesikia kitu. Msimamizi wetu, Mzee Hamisi wa Unyambwa, alitafsiri, na wenzangu wakaitikia ndiyo ndiyo kama watu walio kanisani.

Mimi nilielewa kweli. Nilielewa kwa sababu yako.

Unakumbuka yale mawe makubwa upande wa juu wa nyumba yetu, ulipokuwa ukisimama jioni kutuita kutoka machungani? Raheli ulimwita kwa sauti mbili fupi. Mimi uliniita kwa sauti moja ndefu inayopanda. Halafu Mama Kitundu, jirani, naye akaanza kumwita Kitundu wake kwa sauti ndefu inayopanda. Siku ile tulikimbia wote wawili, kila mmoja akidhani ni yeye, mbuzi tukawaacha, nao wakaingia katika uwele wa watu. Mlivyogombana! Wewe ukasema, "Wangu aliitwa hivyo kabla wako hajaota meno!" Naye akajibu, "Basi si umwite kwa filimbi ya polisi!" Mkanuniana mpaka siku ya kupepeta. Mwisho wewe ndiye uliyekubali kubadili. Ukaipandisha sauti kama zamani, ila mwishoni ukaikata ghafla, kama mtu anayekata kamba. Tangu hapo sikuchanganya tena.

Niliwasimulia hapa kambini. Mzee Hamisi akamtafsiria injinia, naye akacheka mpaka akavua miwani. Wenzangu wakanipa jina, Mwana wa Injinia, injinia ukiwa wewe. Jioni nikishika sufuria wanasema, "Mpeni mwenye mawimbi yake kwanza." Nilipanga kukuchekesha nalo nikirudi.

Basi mnara ukasimama, tukaanza kujaribu. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kuzungusha mkono wa jenereta mpaka iwake, halafu kuikalia karibu isizimike. Ilivuma, mtambo ukapata nguvu, na injinia akawa anasema na kilima cha pili. Tuliona fahari. Nami niliona fahari, sikufichi.

Wiki hiyo hiyo akapanda askari polisi kutoka Itigi, kwa miguu, shati limemganda mgongoni. Kumbe nao wana redio yao, na huongea na maboma kila asubuhi. Akafoka kabla hajapumua: "Ninyi watu mnatuua! Redio yetu tangu juzi tunasikia mbuzi waliofungiwa ndani ya debe!" Mmoja wetu akalia kama mbuzi. Tukacheka wote. Nikacheka, Mama. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Injinia hakucheka. Kabla ya kuchagua mawimbi yake alikuwa amewauliza watu wa reli wanasemea wimbi gani, akawauliza wamisheni. Polisi hakuwauliza. Wimbi letu lilikuwa limekaa jirani mno na lao, na la kwetu lina nguvu, likawafunika. Akazima mtambo, akakaa na karatasi yake siku nzima akifuta na kuchora. Kuhamisha wimbi la kilima kimoja si kazi ya kilima kimoja, maana lazima na jirani yake ahame, na jirani wa jirani, mpaka mwisho wa njia. Tulipowasha tena, injinia akatuma mtu chini kuuliza kama wanasikia. Jibu likaja kwamba wanasikia safi.

Kesho yake yule askari akapanda tena. Safari hii alivua kofia akiwa bado mbali. Hakufoka.

"Msengi wa Misigiri ni nani?"

"Ni mimi."

"Kaa chini kwanza, ndugu yangu."

Sikukaa. Akaniambia kwamba wenzake wa boma la kwetu Iramba walikuwa wakituma habari yangu kila asubuhi siku zile zile. Raheli alitembea mpaka huko akawaomba, na polisi mmoja mtu wa kwetu akamhurumia akaiingiza katika maneno yao. "Sisi tulikuwa tunasikia Itigi, Itigi," akasema, "halafu mbuzi." Habari ya kwanza ilikuwa kwamba mama yake Msengi ni mgonjwa sana, anamwita. Jana, redio ilipokuwa safi, walirudiwa hiyo, kisha wakapata ya mwisho. Ulikuwa umekwisha kuzikwa.

Lori la Singida lilikuwepo, Mama. Lilikuwa linasimama Itigi na mlango wazi. Ningelipanda, kisha ningetembea, ningekimbia. Ningekukuta.

Injinia alisema pole, kwa Kiswahili, akaingia hemani. Nilipopita baadaye niliona ameichora redio ya polisi katika karatasi yake, duara dogo chini ya kilima chetu. Sikuweza kumchukia. Nilijaribu. Hata yule mwenzangu aliyelia kama mbuzi sikuweza kumchukia, analala karibu nami na tangu siku ile hajapata kunitazama usoni. Hakuna aliyeniita tena Mwana wa Injinia.

Kisha ikafika barua ya Raheli. Anasema siku zako za mwisho uliniita kila jioni, lakini sauti haikutoka ndani ya nyumba. Ukataka ubebwe mpaka kwenye mawe, nao hawakuthubutu. Ndipo Mama Kitundu akajifunga kanga kiunoni, akapanda yeye na magoti yake yale mabovu, akageukia upande wa kusini, akaniita. Aliita kama wewe, Raheli anasema, na mwishoni akaikata. Alipoteremka ukamwuliza, "Ameitika?" Naye hakujua kusema uongo. Akakwambia, "Bado, mama Msengi. Upepo."

Mama, hapo ndipo ninapovunjika. Nabeba chuma, nakula ugali, nacheka hata na watu, lakini nikifika kwenye neno hilo, upepo, naweka mzigo chini.

Haukuwa upepo.

Tangu ulipoondoka mnara wetu unasema vizuri. Watu wa mbali watapeana habari za wagonjwa wao kwa nukta moja, na nadhani ni jambo jema. Asubuhi nawasha jenereta kama kawaida. Ila kabla ya kushika mkono wake huwa nasimama kidogo, nasikiliza upande wa Iramba. Najua ni ujinga.

Injinia angeniacha niende siku ile ile, lakini nilijiuliza naenda kwa nani. Sasa naona nilikosea kuuliza hivyo. Mnara wa kilima cha tatu ukisimama nitafungasha, na Mzee Hamisi amekwisha kunisemea. Nitapanda lori hadi Singida, kisha miguu yangu.

Hukumkubali kamwe mtoto anayeitwa akaja kimya. "Itika kwanza! Nitajuaje kama umesikia?" Basi sitashuka nyumbani moja kwa moja. Nitapanda kwenye mawe, nisimame pale pale pako, na nitaitika kwa pumzi yote niliyo nayo, hata majirani waseme Msengi amerukwa na akili. Nitaitika mpaka Mama Kitundu atoke nje. Ndipo nitakuja kaburini.

Lala salama, mama yangu. Nimesikia. Naja mwezi wa Kumi na Moja, kabla ya mvua ya kupandia.

Mwanao,
Msengi