Ngata ya Adventina

Basi dada Domitila, pale nilipoishia kwenye barua ile nyingine, dereva wa lori aliyekuwa aichukue akinipigia honi kama mtu aliyeibiwa, nilikuwa nakwambia habari za mzigo wako wa Noeli iliyopita. Nikafunga bahasha maneno yakiwa nusu. Ngoja nimalizie. Lakini kwanza shikamoo, usije ukasema mkonge wa Korogwe umenila adabu. Mama miguu yake inaendeleaje? Na shemeji, tangu arudi kutoka vitani Uganda na mgambo wenzake, usingizi unamjia? Sisi wazima, miiba tu ndiyo inatuchoma, na sukari tunaisikia kwa jina.

Sasa lile swali lako. Unauliza uje Noeli hii kumwona mtoto wako Adventina au usije. Maana ulimleta akae kwangu asome shule ya wasioona, mara vita, mabasi yote yakabeba askari, hukuweza tena kumfuata. Unasema pengine amekusahau, ukimshika atalia kama kashikwa na mgeni, heri umwache atulie. Dada, nilianza kucheka, kisha kicheko kikakatika.

Mzigo wako uliletwa na yule kijana wa Bugarama aliyekuja huku kukata mkonge. Adventina nikamkalisha mkekani, nikafungua. Gauni lile najua ulivyolipangia foleni duka la kijiji, na nani alitaka kukupita foleni nimeshaambiwa. Nikamvika mtoto, nikamgeuza, nikamsifu mpaka nikachoka mimi. Akapapasa kola, akasema zuri, akalivua. Karanga akala, nyingine akagawa. Yale maganda makavu ya migomba uliyofungia mzigo mimi nimeshayatupa pembeni. Jirani yangu Mama Zaina, Mzigua, yule anayekuja kuomba moto kila jioni ili achungulie sufuria yangu, akasema nimpe akawashie jiko. Mtoto kusikia hivyo akayavuta yote akayakalia.

Mama Zaina akamtania, "We bibi, zawadi umeacha, unaatamia takataka?"

 Adventina akachukua ganda moja akalinusa, akalirudia.

Nisikufiche, na mimi nililinusa. Dada, ni jikoni kwetu kabisa. Moshi, ndizi, na ule ukungu wa asubuhi tukishuka kijitoni, wewe mbele na mtungi, mimi nyuma nakuchambulia wachumba wako mmoja mmoja. Na Noeli tukienda misa Rulenge kwa miguu, viatu mkononi visichakae, tunavivaa mlangoni pa kanisa. Hapa kambini kwa vibarua ukitazama ni mkonge hadi mbinguni, mgomba huuoni.

Watoto hawa huwezi kuwakisia. Shuleni kwao yupo mwenzake, Musa, haoni vilevile. Baba yake kahangaika kampatia viatu vipya vya sikukuu. Musa akapenda kufuli bovu aliloliokota njiani. Analifunga, analifungua, anasikiliza linavyolia, analala nalo. Viatu kavaa mdogo wake.

Haya, niliporudi kutoka bombani siku ile nikamkuta Adventina amesokota yale maganda, ametengeneza ngata ya kuwekea mtungi kichwani. Kubwa, ya mtu mzima. Nikamwambia hiyo ukiivaa itakushuka shingoni kama mkufu.

Akasema, "Si yangu, mama mdogo. Ya mama. Akija atabebea nini maji?"

Nikaichukua nikaigeuzageuza. Imesokotwa kwenda kushoto. Sasa ukoo wetu mzima nani anasokota kushoto ila wewe na mashoto yako, mama alikuchapa vidole weee mpaka akakuachia? Mimi sikumfundisha. Ngata zangu unazijua, zinafumuka kabla hatujafika mtoni. Huyu alikaa mapajani mwako akaishika mikono yako ikisokota, na mikono hiyo bado anayo. Hata sasa ikilegea anaifumua, anailowesha kidogo, anaisokota upya. Gauni limeshambana.

Msalimie sana mama, na shemeji, na kaka Festo mwambie habari za mke wake wa pili zimeshafika Korogwe, asijisumbue kuficha. Shangazi mkunga naye, yule aliyempokea Adventina, mpe salamu zangu.

Jana nilimwomba mtoto anipe hiyo ngata niitie kwenye kifurushi pamoja na barua hii, uione mwenyewe uache maswali. Akaificha mgongoni. Amekataa kabisa, anasema ikija huko, wewe hutakuja huku.

Kwa hiyo ukifika Korogwe stendi usimwulize mtu yeyote ila yule muuza… Aa, mume wangu ananiita, maji ya bomba yametoka na ndoo zetu ziko nyuma kabisa ya foleni. Njoo, dada. Njoo tu.

Ni mimi mdogo wako,
Leokadia