Hari ya Gari la Baba

Buyangu, Kakamega

Mamangu mpenzi,

Nisamehe. Barua hii nimekaa nayo kichwani tangu mvua zianze, na kila nikishika kalamu, ama Salma anaamka ama mimi nasinzia. Shikamoo, mama. Magoti yako je? Ile dawa ya kuchua bado unaitumia, au umeirudisha kabatini ukasema umepona? Mwambie mdogo wangu Zuhura akusomee polepole na asiruke mistari, hata ile ambayo hutaipenda.

Naandika kwa sababu kwa simu jambo hili limetushinda. Ukisikia mjukuu wako anakohoa unalia, nami nikikusikia nalia, na salio linaisha tukilia. Mara ya mwisho ulisema, "Niletee mtoto huku kwenye joto, utamchukua kifua kikishakomaa." Nami kwa kuchoka nikakujibu kwamba gari alilotuachia baba likishindikana kutengenezwa, nitamleta. Najua umelishika neno hilo. Zuhura ameniambia umeshamtengenezea na kitanda. Basi sikiliza mambo yalivyokwenda.

Alfajiri za huku, mama, sijui nikueleze vipi. Ukungu unatoka msituni na kuvuka barabara taratibu, kama mtu aliyejitwika maji na hataki yamwagike. Miti huioni, unasikia ndege tu. Saa hizo baba yake Salma ameshaingia msituni na wageni wake kuwaonyesha hao ndege, nami natoka na ndoo za mahamri kupeleka mahoteli ya Lurambi. Sina wa kumwachia Salma, kwa hiyo tunakwenda naye, amefungwa kwenye kiti chake, macho nusu wazi. Nikiwa sijalala vizuri naona kama gari haliendi, bali ni dunia inayosogezwa chini yetu, kidogo kidogo.

Ni pazuri. Lakini pumzi zetu wawili zinatosha kukifanya kioo cha mbele kiwe cheupe kama tui. Nawasha hita mpaka mwisho, feni inanguruma kweli, lakini nikiweka mkono kwenye matundu, hewa inayotoka ni ya mtu anayepoza chai huku amesinzia. Nikifunga dirisha sioni njia, nikilifungua baridi inaingia na Salma anakohoa. Siku moja nilishtuka gurudumu liko kwenye majani na ng'ombe ananichungulia dirishani kana kwamba anataka kuniuliza ninakwenda wapi. Salma alicheka. Mimi niliendesha kwa gia ya kwanza mpaka Lurambi. Siku hiyo ndiyo niliyokuambia nitamleta.

Nikampelekea gari fundi Wekesa, yule anayemtengenezea baba Salma pikipiki yake. Baba Salma alikuwa ameshamwambia kwamba hita haifanyi kazi, basi nilipofika nilimkuta yuko tayari na spana na beseni, anataka kufungua mabomba ya maji ya rejeta. Alisema maji ya moto hayafiki kwenye hita, atafungua yote, na pengine gari litalala kwake wiki. Mimi nikaanza kuipanga safari ya Msambweni moyoni, nguo gani za Salma nizifue kwanza.

Ndipo akaniuliza, akiwa ameinama, "Mama Sarma, hari ya hii gari iko aje?"

Hapa, mama, l na r hubadilishana viti. Salma kwao ni Sarma, na hali ni hari. Nalijua hilo tangu nimeolewa, lakini nikichoka masikio yangu hurudi Msambweni. Kwangu hari ni hari, lile joto la kwetu la kukufanya ulale sakafuni. Nikamjibu, "Hari ipo, fundi. Nikishapanda kilima inaunguza vidole. Upepo ndio hakuna."

Akainuka. "Hari?"

"Hari. Joto."

Mama anayechoma mahindi hapo kando akaangua kicheko. "Wekesa, unamuuliza afya ya gari, yeye anakupimia homa! Hawa watu wa pwani joto hawasahaungi!"

"Nitalisahauje sasa, dada, na huku nimevaa sweta mbili?" nikamwambia. Tukacheka wote, Salma naye, bila kujua anacheka nini.

Fundi akakuna kichwa kwa ile spana. "Ngoja kwanza. Joto iko?"

"Iko."

"Na feni unasikianga ikilia?"

"Inalia mpaka naona aibu."

"Sasa mimi nilikuwa nafungulia nini rejeta?" Akaweka beseni chini. "Kama joto iko na feni inazunguka, hapa kuna kitu imekaria njia ya hewa."

Akaja upande wa abiria, akaitoa ile droo ya dashibodi ambamo baba alikuwa akiweka miwani yake, akalala chali, akafungua feni. Ikatoka na kitu kama kiota. Nikadhani ni panya. Kumbe, mama, yalikuwa ni majani ya mvinje. Vile vijiti vyembamba vya mivinje yetu ya nyumbani, vimeingia kwa matundu ya chini ya waipa, vikalala huko miaka na miaka, vumbi jekundu likavishika vikawa godoro. Fundi alivipekua kwa kidole. "Hii si miti ya hapa," akasema. Nikamwambia ni ya kwetu. Baba aliliegesha gari chini ya mivinje ile mpaka alipotutoka, na hita hakuwahi kuiwasha hata mara moja. Angeiwasha ya nini, Msambweni?

Akarudisha feni, akaniambia niwashe. Mama, upepo ulikuja kwa nguvu mpaka leso ikanitoka kichwani. Kisha kutoka chini ya kioo vikaruka vitu vyepesi, vya rangi ya chai, vikazunguka ndani ya gari na kumtulia Salma kwenye nywele. Nikavishika. Asumini. Ni vile vikuba vya maua ulivyokuwa ukimning'inizia baba kiooni kila Ijumaa, maua yake yalikuwa yakidondokea matunduni. Harufu haikuwepo tena, au ilikuwepo kwa muda wa pumzi moja, sijui, huenda ni usingizi wangu. Nikazima feni. Fundi akaniuliza kama kuna kitu kimeharibika. Nikamwambia hapana, hari ni nzuri.

Sasa kioo kinafunguka kabla hatujafika lami. Hunijia weusi wa barabara kwanza, halafu miti, halafu watoto wa shule. Dirisha limefungwa, Salma analala mpaka Lurambi, mashavu ya moto. Bado anakohoa kidogo usiku, sikufichi. Lakini muuguzi amemsikiliza kifua na kusema anaendelea vizuri, nisimkalishe kwenye baridi wala moshi, na mahamri sasa nayakaanga nje kibandani.

Kwa hiyo, mamangu, simleti. Usilie. Nilisema gari likishindikana, na gari halikushindikana. Atakuja kukuamkia likizo, nami nikiwa naye, na tutarudi naye. Mtoto wangu nitamlea mimi, huku huku kwenye ukungu. Najua umempenda, ndiyo maana nakuambia waziwazi, nisikuache ukingoja.

Nisalimie ami Bakari aliyekuwa akiliosha gari hili, umwambie hakuliosha ndani ya feni. Nisalimie shangazi msusi, na Zuhura kwa kukusomea bila kuruka.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Mwanasiti

Basi la Mombasa likija huku, naomba unitumie vitu hivi: iliki nzima, si ya unga, ya kunitosha mwezi. Mbuzi ya kukunia nazi, yangu imeng'oka meno. Leso moja kuukuu yako, ile laini, usininunulie mpya. Asumini kidogo uliyoikausha wewe. Na kile chandarua kidogo ulichonunua cha kitanda cha Salma. Huku mbu wapo, na huku ndiko anakolala.