Auleria Haandiki Tena

Chonyonyo,
Karagwe.
9 Novemba 2025.

Mjukuu wangu mpendwa Aristides,

Huna adabu. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu, usije ukadhani nakuandikia kwa furaha. Haya, hujambo? Mkeo Kansiime na watoto hapo Dar wazima? Mimi nipo. Magoti yananisumbua, ila kalamu bado naishika, kama unavyoona.

Bibi yako mdogo Auleria, mdogo wangu wa tumbo moja, tulimzika kibanjani nyuma ya nyumba. Ulijua, na rambirambi ulituma. Mbona duka lako la vikapu la mtandaoni bado linamwandikisha barua?

Siku ya kumaliza matanga tumekaa, maji ya kunyolea yapo tayari, simu ya mama yako mdogo Deodatha ikalia. Akasoma kwa sauti mbele ya watu: "Ni mimi Auleria, msukaji wako. Umenyamaza muda mrefu. Nimekukumbuka, rudi." Mtu ametoka kumzika mama yake! Deodatha alinunua kikapu kimoja tu, ulipofungua duka, akutie moyo. Kumbe namba yake ukaiacha humo na za wateja wako.

Akajibu palepale: "Mama, niko nyumbani. Uko wapi?" Simu haijafika mapajani, jibu likaingia: "Asante kwa kuniandikia. Kila ujumbe nausoma mwenyewe. Nitakujibu. Auleria."

Basi, akakataa kunyolewa. Anasema mama yupo, anyolewe ya nini? Ukoo mzima tumenyolewa, yeye bado. Ameloweka ukindu wa kusukia, anamngoja mwenyewe aje. Chakula hali. Mtandao ukikata anapanda kilimani na mvua yote hii. Juzi aliteleza. Tulimkuta matopeni, mguu umevimba, simu ameinyanyua juu isilowe.

Nilipokupigia ulicheka, eti, "Bibi, hizo barua zinajituma zenyewe." Zinajituma! Mbuzi wangu akila maharage ya jirani, nami niseme kajituma? Maneno uliyapanga wewe. Jina uliliweka wewe, kwa kuwa wateja wanapenda kusikia bibi kizee akiwaongelesha. Auleria alikubali jina lake likae kwenye kikaratasi cha kikapu. Kuongea akiwa chini ya udongo hakukubali.

Tena hukumjua. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wangu. Katika watoto aliowazaa hakuna aliyewahi kuambiwa "nimekukumbuka". Deodatha ameisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwenye mashine yako, ndiyo maana haiachi. Nikimwambia ni mashine, ananiambia namwonea wivu.

Mjomba wako Novatus anakusalimu, ingawa amesema usiiguse simu yake. Mpe Kansiime salamu zangu. Mungu akulinde njiani, na akutie haya kidogo.

Sasa sikia. Zima barua hizo leo, zote zenye jina lake. Kisha mwandikie Deodatha palepale anapongojea jibu, kwa jina lako, useme: maneno yale niliyaandika mimi Aristides, mama yako amekufa. Usimtume mtu amwambie. Halafu panda basi uje mpaka Kayanga, uchukue bodaboda, ufike hapa umshike mikono wakati namnyoa.

Mimi bibi yako, nikupendaye hata leo,
Kokwijuka