Swali la Tisa

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Huku hatujambo, ila mama sauti imemkauka kwa kufundisha, na mimi ni yule yule Kobe wako: nikiitwa tu, kichwa ndani.

Muhula huu mama anawafundisha wanafunzi wake wa ustawi wa jamii somo la madaraka na utetezi, nami hukaa nyuma ya darasa nikimsubiri. Siku ya kwanza alimpa mwanafunzi mmoja chaki, akaketi dawatini, akasema sasa mwenye chaki ndiye mwenye kauli. Yule kijana akatangaza kwamba mtihani umefutwa. Tulicheka! Mama akamwambia ndivyo wanavyoanza wote wanaopewa madaraka.

Wakachagua jambo la kupigania: fomu ya msaada wa wazee, iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu, iandikwe kwa Kiswahili pia. Jumanne wakaenda mbele ya kamati ya diwani inayosimamia msaada huo, nami nikiwabebea makaratasi. Diwani aliwasikiliza kwa adabu, kisha akasema hajapata lalamiko hata moja, wazee wana wajukuu wasomi wa kuwajazia. Akataka aonyeshwe mtu mmoja tu aliyeumia. Wanafunzi wakaanza kupekua makaratasi yao.

Dada, nina jambo sijawahi kukuambia. Bibi jirani alipokatiwa msaada miezi minne, sote tulisema ofisi imemwonea. Fomu yake niliijaza mimi. Swali la tisa sikulielewa, nikaona haya kumuuliza karani, maana bibi alishamtambia kwamba mjukuu wake huyu anasoma lugha mbili. Nikabahatisha. Kumbe nimeweka alama kwamba ana mtoto anayemtunza.

Basi nikasimama. Nilisema yote, na bibi mwenyewe ameketi pale mbele miongoni mwa wazee waliokuja kusikiliza. Akasema kwa sauti kwamba kumbe mchawi wake anakunywa chai kwake kila siku! Watu wakaangua kicheko, naye akanivuta nikae ubavuni pake.

Diwani hakucheka. Aliomba fomu, akalisoma swali la tisa mara mbili, akamuuliza karani maana yake. Karani naye hakujua.

Sasa fomu zinaandikwa upya kwa lugha zote mbili, na bibi amerudishiwa msaada wake. Mama hakunigombeza. Tulipofika nyumbani alinitilia kipande cha chaki mkononi, akaenda zake jikoni. Dada, nilikuwa nimesahau usingizi mzuri ulivyo.

Bibi anakusalimu sana. Bado ananiletea karatasi zake, ila siku hizi nisipoelewa, namwambia twende tukaulize.

Mdogo wako akupendaye,
Kobe