Kilo Zangu Zilizokuwa Zinapotea Usiku

Jirani na mashine ya kukoboa,
Shanwe, Mpanda.
Jumatatu, 16 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Natalia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na akili yangu iko palepale ulipoiacha. Wewe je, goti limepoa? Shemeji Apolinari kifua chake kinaendeleaje na vumbi la huko Masasi? Jeniffer na Maiko wanasoma au wanakula ada tu? Huku kwetu baridi ya asubuhi imeshaanza, na mpunga umeanikwa kila uwanja mpaka kuku hawana pa kupita.

Akili nimeitaja makusudi. Ijumaa nilipokupigia kusema kaka Bartolomeo asije na wazee kumrudisha mkwe wangu Odeta kwao, ukaniambia, "Dada, huyo mwanamke keshakulisha kitu. Si wewe unayeongea." Natalia! Nikakata simu. Nikaona nikikupigia tena utasema kuna mtu kasimama nyuma yangu ananifundisha la kusema. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mwandiko wangu unaujua tangu nikikufunikia madaftari kule Usevya na kukuandikia jina juu. Iangalie hiyo k yangu yenye mkia, hakuna mwingine anayeiandika hivyo. Na bahasha nimeipaka gundi mara mbili, ukikuta imefunguliwa unijulishe.

Sikulaumu kwa kushuku. Kushuku nilianza mimi, wewe nimekuambukiza tu. Sasa naomba unisome hadi mwisho kabla hujamwambia mtu neno.

Mizani yako ya kupimia mwili ilifika mwezi wa tatu, haina hata mkwaruzo. Nakumbuka maneno yako ulipoituma, kwamba hutaki niishe kama marehemu mume wangu, baba Optatus, aliyepungua kidogo kidogo sote tukimwangalia, na hakuna aliyejua amepungua kiasi gani mpaka suruali ilipoanza kumdondoka. Maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimetoka kuumwa homa, magauni yananipwaya, na kila nikijitazama kwenye kioo namwona yeye.

Na unajua mimi na mizani. Miaka ishirini na mbili nanunua mpunga Kakese na kule kwetu Mpimbwe. Namjua mpimaji anayekanyaga kona ya gunia kwa kidole cha mguu, namjua na yule mwenye jiwe la mizani lililochongwa chini. Mtu hawezi kunichukulia robo kilo nisijue. Kwa hiyo siku ya kwanza nikapanda asubuhi, nikapata 63.4, nikaandika. Lakini mizani ya watu siiamini kwa kuitazama mara moja. Nikapanda tena baada ya kula mchana, 64.3. Jioni, 64.9. Nikafurahi, nikasema mwili umeanza kurudi. Nikalala.

Asubuhi, 63.2.

Mdogo wangu, moyo ulinipasuka. Wewe mwenyewe niambie, gunia likilala ghalani na kilo tisini likaamka na themanini na nane, unasemaje? Unasema kuna mtu kaingia na bambo, katoboa, kachota, kaziba. Husemi kitu kingine. Mimi nililala mlango nimeufunga kwa komeo, na kilo moja na pointi saba ya mwili wangu imekwenda. Imekwenda wapi?

Kuanzia hapo sikutulia. Nikawa napanda mara saba kwa siku. Nikiamka, baada ya chai, nikitoka chooni, nikirudi sokoni na kitenge changu na kiatu, kabla ya kuoga, baada ya kuoga. Kila nikipanda namba nyingine. Jumanne tukila migebuka ya chumvi, wale samaki wa ziwani kutoka Karema, Jumatano naamka nimezidi kilo nzima. Jumamosi zimeshuka tena. Nikasema, ahaa, nimeshaelewa. Ananinenepesha kwanza, halafu ananichota.

Unauliza nani? Nyumba hii mwanangu Optatus hayupo wiki tatu kati ya nne, yuko na fuso lake njia ya Sumbawanga. Tunabaki mimi, mkwe wangu Odeta na mjukuu wangu Gervais wa miaka minne. Ghalani mzigo ukipungua, wa kwanza kuulizwa ni mwenye ufunguo. Anayepika ni Odeta. Anayenitandikia ni Odeta. Na ile ya kwao Katumba, ya wazazi wake kuja kutoka Burundi, nikaifukua upya, mimi niliyekubali mahari yake ijadiliwe ukumbini kwangu nikiwa nimevaa sare ya akina mama Wakatoliki, WAWATA. Nimekuwa mtu wa ajabu, Natalia.

Nikaificha mizani uvunguni na kuizungushia uzi mweusi. Siku ya tatu uzi ulikuwa umekatika, na kwenye kioo cha mizani kuna alama ya unyayo wenye unga. Unyayo mdogo, wa mwanamke. Basi nikaona ushahidi umekamilika, anaichezea hata mizani yenyewe ili nisijue kiasi anachochukua. Ndiyo nikakurekodia ile sauti.

Wewe nawe, mdogo wangu, ukairusha kwenye grupu la ukoo! Hukukumbuka kwamba Optatus yumo? Alikuwa amerudi siku hiyo. Aliifungulia pale uani kwa sauti kubwa, akidhani ni habari za msiba, mke wake amechutama hapo hapo anapepea mkaa. Mimi niko chumbani, nasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka nje, "Odeta ananimaliza. Mtu wa Katumba ni mtu wa Katumba tu." Optatus alizima akiwa amechelewa. Keshoye alisafiri bila kuniaga.

Odeta hakulia, hakununa. Usiku huo alileta ugali na kisamvu, akakaa kwenye mkeka mbele yangu, akamega tonge kutoka kwenye sahani yangu, akachovya, akala. Akasubiri kidogo. Kisha akanisogezea sahani, "Karibu, mama."

Desturi hiyo unaijua. Mgeni ukimletea pombe, unaonja wewe kwanza ajue haina sumu, ndipo yeye aguse. Lakini ni pombe, na ni mgeni. Ugali wa nyumbani nani anauonja? Nikasema moyoni, huyo ni mwenye hatia anajisafisha. Nikala upande wa pili wa sahani, mbali na pale alipomega. Kesho akafanya hivyo hivyo, na kesho kutwa. Chai akaanza kunywa yeye funda moja. Wiki mbili, Natalia, na mimi naangalia tu.

Kaka alipopanga kikao cha tarehe 29 mwezi huu, nikaenda zahanati nikiwa na daftari langu, nikitaka nesi aniandikie karatasi kwamba mwili wangu unaibiwa. Usinicheke. Nesi mwenyewe anaitwa Mercy, msichana mwembamba, macho yamechoka. Akasoma kurasa zote bila kucheka, akauliza maswali ya ajabu. Napima saa ngapi? Nimevaa nini? Nimeiweka mizani kwenye sakafu gani? Nikamwambia kwenye mkeka, isichafuke. Akaguna.

Halafu akanipandisha kwenye mizani yao, akanipa chupa ya maji ya nusu lita, akasema ninywe yote nikiwa nimesimama palepale. Nikanywa. Namba ikapanda nusu kilo. Akaniuliza, "Mama, hiyo nusu kilo uliyoongeza sasa hivi ni nyama?" Akaeleza kwamba usiku mtu anatoa jasho, anapumua unyevunyevu, anaamka anakwenda haja, na yote hayo yana uzito. Chumvi inashika maji mwilini siku mbili tatu, ndiyo hiyo migebuka yangu. Chakula chenyewe kina uzito kabla hakijawa kitu. Kilo moja au mbili kupanda na kushuka ndani ya siku ni mambo ya kawaida ya mtu mzima.

Akasema nikipima kila saa nitaona maji yanavyotembea tu, sitaona mwili. Kwa mtu kama mimi mara moja kwa wiki inatosha. Siku ileile, asubuhi, nimetoka chooni, sijanywa chai, nimevaa kanga ileile, mizani juu ya saruji. Kuna wagonjwa, kama wa moyo, ambao daktari anawaambia wapime kila siku, na hao wanaelezwa sababu. Mimi niangalie mwezi. Uzito ukishuka mwezi hadi mwezi bila sababu, nije. Ukipanda ghafla na miguu ikivimba, nije siku hiyohiyo. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akazungushia namba zangu za Jumatatu asubuhi peke yake, tangu mwezi wa tatu. Zilikuwa 63 na kitu, 63 na kitu, mpaka mwisho.

Unadhani niliamini? Nilimuuliza kwao wapi. Akasema Kilosa. Nikamuuliza kama ana ndugu Katumba. Akaniangalia, akasema hapana, mama, na akaita mgonjwa mwingine. Nilirudi nyumbani nikijiambia wamejuana, haiwezekani wasijuane.

Alhamisi Odeta alikwenda kusaga, na Gervais akamfuata. Nikaingia jikoni kupekua. Nilitafuta hirizi, kikaratasi, chochote cha kuwaonyesha wazee. Nyuma ya debe la unga nikakuta daftari dogo la shule. Nikasema leo nimemkamata.

Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake wa mviringo: "Mama anasema kilo zake zinapotea usiku. Nimeanza kupima na zangu." Chini yake tarehe na namba. Odeta jioni 55.1, asubuhi 53.9. Odeta Jumatano baada ya migebuka, 55.6. Kisha mstari mwingine: Gervais jioni 15.6, asubuhi 15.1. Kurasa na kurasa. Kilo zake zinapanda siku zangu zinapopanda na kushuka siku zangu zinaposhuka. Hata mtoto anapungua usiku, nusu kilo ya mtoto wake mwenyewe aliyemzaa. Nani sasa anamwiba Gervais?

Nikatoka nje na daftari mkononi. Mpunga wangu uko juani kwenye turubai, na mimi mwenyewe nimewafokea wakulima wa Kakese maisha yangu yote, "Huu una maji bado, mimi sinunui maji!" Gunia lile lile Jumanne kilo tisini, Ijumaa themanini na nne, na sijawahi kumwita mtu mwizi kwa sababu ya jua. Kitu ninachokijua kwa mpunga nilishindwa kukijua kwa mwili wangu. Nilijiona mpumbavu, na nakuandikia hivyo hivyo kwa mkono wangu.

Lakini kilichonimaliza ni ukurasa wa mwisho. Nakunakilia kama ulivyo: "Kikao tarehe 29. Nguo za Gervais nimeshazifua. Wakinirudisha, atakayebaki amkumbushe mama dawa ya presha siku za gulio, huwa anaisahau."

Nililia, Natalia. Nililia pale uani mbele ya kuku.

Halafu nikafuta uso nikawasha moto. Nikapika wali wa mpunga mpya na maharage ya nazi anavyoyapenda, maana hata hilo nilikuwa nalijua, nilijifanya silijui tu. Waliporudi nikamtandikia Odeta mkeka, nikamnawisha mikono. Nadhani aliona ndiyo chakula cha kuagwa. Nikaweka sahani mbele yake. Nikanyoosha mkono, nikamega kutoka kwenye sahani yake, nikala, nikasubiri kama yeye alivyokuwa akisubiri. Nikafungua mdomo kusema nisamehe.

Akanishika mkono, huu ninaoandikia. Akasema, "Mama, acha. Tule tu."

Basi, mdogo wangu, sasa unajua nimelishwa nini.

Nakuomba mambo mawili. Mpigie kaka Bartolomeo leo, umwambie wazee wasipande gari tarehe 29, maana wewe anakusikiliza kuliko mimi. Na kwenye lile grupu, sema kwa sauti yako mwenyewe kwamba dada alikosea, ili Optatus aisikie, na mke wake aisikie, maana ile ya kwanza waliisikia wote. Kama bado una wasiwasi, panda basi uje uone. Mimi nisingekulaumu, ningekuwa wewe ningeshakata tiketi.

Leo asubuhi ilikuwa siku yangu ya kupima. 63.1, juu ya saruji. Wiki iliyopita ilikuwa 63.5. Sikushtuka. Sawa, nilishtuka kidogo, nikataka kurudia. Odeta akaichukua mizani akaiweka juu ya kabati hadi Jumatatu ijayo. Uzi sijafunga.

Nisalimie shemeji Apolinari, Jeniffer na Maiko, na mama Rozalia jirani yako aliyenifundisha kukaanga korosho. Optatus akirudi nitamwambia umemuulizia. Gervais anakuachia alama ya mkono wake hapo chini, usijali uchafu, ni unga. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akuponye goti, akufikishe Mpanda salama. Siku utakayofika tutakula kwa Odeta, na hakuna mtu atakayeonja kwanza.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye akili zangu zote,

Marsela